Maswali na majibu: Mgongo wa dereva wa semi na kanuni za kampuni

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni dereva wa semi, nina miaka 46, nachukua mzigo bandari ya Dar es Salaam kupeleka Lubumbashi. Tangu mwaka jana kiuno kinauma, na maumivu yanashuka tako la kulia hadi nyuma ya goti. Kinachonishangaza, yanazidi nikirudi tupu kuliko nikiwa na mzigo. Natumia diklofenaki karibu kila siku. Kazini tumewekewa kanuni nyingi: kiti kimepigwa utepe, marufuku kukirekebisha au kuweka mto, marufuku kushuka kwenye kebini ukiwa kwenye foleni yoyote, buti na kofia ngumu muda wote, hata ndani ya kebini, na marufuku kusimama nje ya vituo vinne walivyotupangia, ukisimama unakatwa posho. Tatizo langu ni kiti, barabara au umri? Hizi kanuni nizifanyeje? Nimenunua pia mkanda wa kiuno, nivae nikiendesha?

JIBU: Pole sana, kaka. Nianze na jambo lisilosubiri. Siku ukiona mkojo umegoma au unatoka bila wewe kujua, au ganzi imeingia sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mguu umelegea kiasi kwamba pedeli huisikii vizuri, paki gari na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa Tunduma usijiambie utavumilia mpaka ufike Dar. Hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya. Hizo ni dalili kwamba neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa vibaya, na upasuaji wake ni wa kuwahi. Kwa maelezo uliyonipa hujafika huko.

Sasa habari ya kurudi tupu. Wewe umeiona kwa mwili wako na umeona sawasawa. Springi za semi zimetengenezwa kubeba mzigo kamili. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa gari la ekseli 7 ni tani 56, na gari hilo hilo likiwa tupu huenda halifiki tani 20. Uzito huo mdogo hauwezi kuzikandamiza springi zikafanya kazi yake, kwa hiyo kila tuta, kila rasta na kila shimo linapita moja kwa moja kwenye fremu, kebini, kiti, kisha kiunoni mwako. Juu ya hapo, dereva akiwa tupu anakwenda mwendo mkubwa zaidi, na mtikisiko unaongezeka na mwendo. Nikikushauri kitu kimoja cha bure, ni hiki: ukirudi tupu, punguza mwendo kwenye vipande vibovu kuliko unavyopunguza ukiwa na mzigo. Upepo wa matairi usiupunguze kwa uamuzi wako. Kuna viwango vya gari tupu, lakini hiyo ni kazi ya fundi wa kampuni, kwa sababu tairi lililopunguzwa upepo likisahauliwa hivyo siku ya kupakia linapasuka.

Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi unaathirika zaidi na mtikisiko wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na mtikisiko wa magari makubwa unaangukia humo humo. Gegedu lililo kati ya pingili halina mishipa ya damu ya kulilisha kwa ndani. Linapata maji na chakula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo. Ukikaa saa 6 bila kunyanyuka, linabanwa tu. Misuli ya mgongo nayo inachoka kwa kukaza kila gari linaporuka. Umri wako una mchango wake, ila usiutwishe lawama zote. Watu wengi wa miaka 46 wasioumwa chochote wakipigwa picha ya mgongo huonekana magegedu yamechakaa au yamevimba kidogo.

Ndiyo maana nimeumia kusoma kwamba kiti kimepigwa utepe. Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 2002: mtikisiko wa wastani wa siku ya saa 8 ukifika mita 0.5 kwa sekunde mraba, mwajiri aanze kuchukua hatua, na usivuke 1.15. Kipimo hicho kinachukuliwa juu ya kiti, pale unapokalia, kwa sababu kiti ndicho kinga ya mwisho. Kiti cha upepo ni kifaa cha kinga sawa na buti. Kampuni inayokulazimisha buti ndani ya kebini huku ikikukataza kurekebisha kiti imeikamata kinga isiyohitajika na kuiacha inayohitajika.

Kabla hujaenda ofisini, kikague mwenyewe. Keti, washa gari upepo ujae, kisha jirushe kidogo kwa matako. Kiti kizima kinazama na kurudi, kinatulia. Kikiendelea kunesa juu chini, shokamzoba yake imekufa. Ukisikia upepo unavuja, au kiti kinashuka taratibu ukiwa umekaa, mpira au bomba lake limetoboka. Angalia pia kama kimejazwa mpaka juu kabisa au kimelala chini kabisa. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi: kiti kilichofika mwisho hakina nafasi ya kucheza, kinagonga, na kila kigongo unakila wewe. Kinatakiwa kikae katikati ya mwendo wake, kikiwa kimesetiwa kwa uzito wako. Ukiketi, matako yaguse nyuma kabisa. Ukikanyaga klachi hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Egemeo liinamishwe nyuma kidogo, na usukani uwe karibu kiasi kwamba mabega hayaachi egemeo unapoushika. Vioo virekebishwe mwisho, baada ya kiti. Na pochi itoe mfuko wa nyuma. Maumivu yako yako upande wa kulia. Kama pochi ni upande huo huo, unaikalia neva.

Kuhusu kanuni, usizipinge zote kwa pamoja, maana baadhi zina sababu ya kweli na ukizichanganya hutasikilizwa. Kukaa ndani ya kebini wakati folklifti zinapakia ni kanuni nzuri. Watu wanagongwa na kubanwa katika yadi hizo. Buti na kofia ngumu ukiwa chini kwenye yadi, hivyo hivyo. Vituo vilivyopangwa vinatokana na wizi wa mafuta na mzigo, na dereva yeyote wa njia hiyo anaujua wizi huo. Tatizo ni kuichukua kanuni ya yadi na kuipeleka kwenye foleni ya mpakani, ambako hakuna folklifti na gari linaweza kusimama siku nzima. Pale inakuumiza tu, haimkingi mtu. Kofia ngumu ndani ya kebini nayo siioni faida yake.

Sheria iko upande wako katika mambo mawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya angalau dakika 60, na siku ya kazi pamoja na muda wa ziada isivuke saa 12. Kutoka bandarini hadi Mikumi ni takriban kilomita 300; ukiwa na mzigo, ukaongeza foleni ya mizani Vigwaza, saa 5 zinaisha kabla hujafika. Kwa hiyo usiombe vituo vifutwe, omba viongezwe. Andika barua fupi, mpe mwakilishi wa usalama na afya kazini, ambaye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtambua. Maneno yawe ya kawaida: “Naomba kiti cha gari langu kikaguliwe na fundi na niruhusiwe kukirekebisha kwa urefu na uzito wangu. Naomba kushuka kwenye foleni ya barabarani na mpakani gari likiwa limezimwa na breki ya maegesho imewekwa, nikiwa nimevaa reflekta na nisiondoke kando ya gari. Naomba kituo kimoja kiongezwe kabla ya Mikumi.” Barua ya madereva kumi ina nguvu kuliko ya mmoja. Baki na nakala.

Ukienda hospitali, mwambie daktari kazi yako, njia yako na saa unazokaa, na uhakikishe ameandika kwenye faili. Madai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi yana ukomo wa miezi 12, na bila maandishi ya daktari ni vigumu kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Ukiandikiwa mapumziko, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara.

Mazoezi yasikusumbue. Kila ukishuka, simama, weka mikono kiunoni, inama kwenda nyuma taratibu mara kumi, kisha zunguka gari ukikagua matairi. Fuatilia maumivu yanakohamia. Yakipanda kutoka gotini kwenda takoni na kiunoni, unafanya vizuri, hata kama kiuno kitauma zaidi kwa muda. Yakishuka kwenda chini ya goti, acha zoezi hilo na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Usiruke kutoka kebini. Shuka ukiitazama kebini, mikono imeshika. Na usivute turubai wala kunyanyua jeki mara tu baada ya kushuka. Tembea dakika chache kwanza, mgongo uliotoka kukaa muda mrefu huumia kirahisi.

Diklofenaki ya kila siku kwa muda huo inanitia hofu kuliko gegedu lako. Inachimba vidonda vya tumbo, inapandisha presha, inaumiza figo, na zaidi kwa dereva anayejinyima maji ili asisimame kukojoa. Safari hii ukifika Dar pima presha na figo, kisha daktari akupangie upya. Akikuandikia tramado au dawa ya kulegeza misuli, muulize kama unaweza kuendesha nayo. Dawa hizo huleta usingizi.

Mkanda uvae saa ya kushusha turubai au kubadili tairi, kisha uvue. Ukiendesha nao siku nzima unabana tumbo, unakuzuia kukaa vizuri, na mtikisiko hauuzuii.