Maswali ya wasomaji: Kilti ya sufu, pesa yako iko kwenye marinda

SWALI: Kwenye mitumba ya SIDO, Mwanjelwa, nimeona sketi nzito ya marinda, drafti za kijani na bluu, ina mikanda ya ngozi kiunoni. Muuzaji anasema ni kilti halisi ya wanaume wa Uskoti na anataka shilingi 70,000. Nitajuaje kama ni sufu kweli, na je, bei hiyo ni ya haki? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Igeuze nje ndani kabla hujataja bei yako. Drafti za nje kiwanda chochote kinaweza kuziiga, lakini kazi ya fundi iko ndani. Kilti iliyoshonwa kwa mkono ina bitana ya pamba kiunoni, na ukiibonyeza unasikia kanvasi ngumu nyuma yake. Kanvasi hiyo ndiyo inayobeba uzito wa nguo. Isipokuwepo, mishono hubeba mzigo peke yake, huvutika, na marinda huanza kuachama kwenye makalio baada ya kuvaliwa mara chache.

Kisha fuata mshono wa kila rinda kutoka kiunoni kwenda chini. Unapaswa kushuka kama theluthi ya urefu wa nguo, uwe wa mkono, wa hatua ndogo ndogo, na kwa nje usionekane. Ukiona mstari mnyoofu wa cherehani unaopita juu ya marinda, hiyo ni kazi ya haraka. Malizia na ukingo wa chini. Kilti ya kawaida haina upindo: ukingo wake ni ule ule uliotoka kwenye mtambo wa kufumia, umebana na haufumuki. Sketi nyingi za kike za mtindo huu zinazoingia kwenye marobota zina upindo, na nyingine zina zipu. Kwa baridi ya Juni zinafaa sana, ila usilipie bei ya kilti.

Sasa chukua futi ya fundi. Marinda yameshonwa juu tu, chini yako wazi, kwa hiyo unaweza kuyafungua moja moja na kupima ukingo wote wa chini toka mwanzo hadi mwisho. Kilti kamili hula yadi nane, yaani mita 7.3 hivi. Ukipata mita nne na nusu, ni ile ya yadi tano, ya kuvaa siku za kawaida. Mwombe pia jirani muuza maharage akupimie kwenye mizani yake. Ya yadi nane ya kitambaa kizito hukaribia kilo moja na nusu; ikiwa chini ya kilo moja, kitambaa ni chepesi au ni kidogo.

Kuhusu sufu, mwombe muuzaji ruhusa, uchomoe uzi wa sentimita tatu mahali kitambaa kilipokatwa, ndani ya kiuno. Ushike kwa kibano, uuwashe kwa kiberiti. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole. Akriliki, uzi wa kiwandani unaoiga sufu, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Chomoa uzi wa mlalo na wa wima pia, kwa sababu kitambaa cha mchanganyiko kinaweza kukudanganya kwa uzi mmoja.

Mwisho, ielekeze kwenye jua na ukague rinda kwa rinda. Tundu la nondo, wale wadudu wa nguo, lililojificha ndani ya rinda halina shida kubwa. Likiwa kwenye kipande cha mbele, kile kipana kisicho na marinda, shusha bei angalau nusu. Mikanda iliyopasuka isikutishe: fundi viatu mzuri atabadilisha ngozi na bizimu.

Ikifaulu vipimo vyote hivi, 70,000 ni bei nzuri sana. Mpya iliyoshonwa kwa mkono Uskoti huanzia kama pauni 400, zaidi ya shilingi milioni moja. Ikianguka kwenye kipimo cha moto, iache, hata akikushushia.

Ila hakikisha inakutosha. Kuhamisha mikanda kunaongeza au kupunguza kiuno kwa sentimita tano hivi. Zaidi ya hapo ni kufumua marinda yote. Na asikudanganye fundi akakata chini ili kuifupisha! Ukikata ukingo ule umeua nguo. Kufupisha hufanyika kutoka kiunoni, na ni kazi kubwa.

SWALI: Mdogo wangu anaoa Edinburgh mwezi wa tisa, na upande wa mke wanataka tuvae kilti. Ninunue au nikodi? Na mtu wa Iringa anaruhusiwa kuvaa drafti zao? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Kama ni siku moja, kodi. Maduka ya kukodisha kwa kawaida hukupa seti nzima: koti, soksi ndefu, viatu na sporani, ule mfuko wa ngozi unaoning'inia mbele. Kununua kuna maana ikiwa utaivaa tena na tena, na hapo agiza mapema, maana ya mkono huchukua wiki nane hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Ukiagiza iletwe Tanzania, ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18.

Hakuna sheria inayokuzuia. Drafti hizo, tartani, zimeorodheshwa kwenye rejista ya serikali ya Uskoti iliyoanza 2009, na nyingine kama Black Watch huvaliwa na yeyote. Hata hivyo, waulize wakwe kwanza. Huenda wana tartani ya ukoo na wangependa muivae.

Vipimo ndipo wengi wanapoharibu. Kiuno cha kilti kiko usawa wa kitovu, siyo pale mkanda wa suruali unapokaa. Ukituma namba ya suruali, utaletewa nguo isiyofunga. Pima kitovuni, kisha makalio mahali pana zaidi, kisha urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya goti. Apime mtu mwingine, wewe ukiangalia mbele. Ukiinama kutazama futi, urefu unabadilika.

Kwa muuzaji wa mtandaoni uliza manne: sufu asilimia mia? uzito wa kitambaa? yadi ngapi? mkono au mashine? Uzito huo hutajwa kwa aunsi kwa kila yadi: aunsi 16 ndiyo nzito ya sherehe, 13 ni ya kati. Maneno kama "sufu ya akriliki" yana maana moja tu: si sufu.

SWALI: Niifue vipi? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Usiifue kila unapoivaa. Ipige brashi, itundike kivulini ipate hewa. Doa lifute kwa kitambaa chenye maji baridi. Jiki huila sufu, na maji ya moto huifanya ijikunyate. Kabla ya pasi, piga bandi marinda yote chini, weka kitambaa kibichi juu, bonyeza bila kuburuta. Kwa pasi ya mkaa, funika vizuri cheche zisiruke. Wakati wa masika itoe sandukuni mara kwa mara, maana unyevu wa huko Njombe huleta ukungu, na ihifadhi ikiwa safi: nondo hupenda penye jasho na mafuta ya mwili.