Rangi Haifichi Kitu: Dakota Yangu ya Plastiki na Unyevu wa Entebbe

Ndege yangu ya kwanza ya plastiki, modeli ya kuunganisha vipande, niliiharibu kwa dakika tano. Kuiunganisha kulinichukua wiki tatu, kila jioni nikitoka kazini, kwenye meza ya jikoni. Siku ya kuipaka nikaona nisijisumbue. Nilinunua rangi ya gari, ile duko ya kawaida, nikaizimua kwa tina ya gari, nikaipaka juu ya plastiki tupu. Bawa la kushoto likaanza kukunjamana huku natazama, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Nilipolifuta kwa kitambaa, mistari yote midogo ya mabati iliyochorwa kwenye plastiki ikatoka na rangi.

Niliitia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikaenda nayo Katwe, Kampala, kwa mzee mmoja anayepaka magari. Aliigeuzageuza, akacheka hadi wanafunzi wake wakasogea kuona.

"Kijana, tina hii inabandua rangi ya gari iliyokaa miaka kumi. Wewe umeimwagia plastiki?"

"Sikujua, mzee."

"Na hata ungejua, bado ungeaibika." Akapitisha ukucha juu ya mgongo wa ndege, pale nusu mbili za bodi zinapokutana. Ukucha ukakwama. "Hili bonde ulidhani rangi italijaza. Rangi haifichi kitu. Rangi inatangaza."

Tangu hapo nimepaka ndege nyingine tisa, na nilizozipaka vizuri ni nne. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya mtu aliyekosea sana, kwa faida ya mtu aliyemaliza kuunganisha na sasa ameshika ndege ya kijivu mkononi, anaogopa kufungua kopo.

Mfano nitakaoutumia ni Dakota, yaani DC-3, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili. Ndege yenyewe ina mabawa ya mita 29 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo modeli inafika kama sentimita 40. Iliruka mara ya kwanza Desemba 17, 1935, na baada ya vita vya pili vya dunia zilizobaki za jeshi ziliuzwa kwa bei nafuu, zikawa mabasi ya angani ya nusu ya dunia. Hapa kwetu zilirushwa na East African Airways, shirika la pamoja lililoanza 1946 na kusambaratika 1977. Baba alikuwa askari polisi, na nimekulia kambini ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, Mwacholi, Mlugbara na Mteso. Wazee wa pale waliizungumzia Dakota kama mtu anavyolizungumzia lori lililomlea. Ndiyo maana niliichagua. Sababu ya pili ni kwamba ni ngumu kuipaka: juu nyeupe inayong'aa, chini rangi ya bati. Ukiiweza hii, nyingine zitakuwa nafuu.

Turudi kwenye ukucha wa yule mzee. Kabla ya rangi yoyote, funga macho upitishe ukucha kwenye kila mshono. Jicho hudanganywa na plastiki ya kijivu. Ukucha hauoni haya. Ukikwama, tia puti kidogo, ile lahamu ya kuziba mapengo, iache usiku kucha, halafu usugue kwa msasa uliolowekwa maji. Mimi huanza na namba 400, nikapanda 600, nikamalizia na 1000. Maji yanazuia msasa kuziba na vumbi lisikuingie kifuani. Kisha ioshe ndege yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu, na vidole vyako navyo vina mafuta ya chapati. Iache ikauke yenyewe. Usiipanguse kwa taulo, utaipandikiza nyuzi.

Praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu ya kopo la kupuliza inayouzwa kwa mafundi magari inafaa, ila usiiamini kabla ya kuijaribu. Aina nyingine ni kali, zinakula plastiki. Ijaribu kwenye vijiko vyeupe vya plastiki vya karamuni. Nina droo nzima ya vijiko vya rangi, na mke wangu ameacha kuuliza. Puliza kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20, anza kupuliza kabla hujaifikia ndege, acha baada ya kuipita, na safu ya kwanza iwe nyembamba kiasi cha kuonekana kama ukungu. Praima ikishakauka itakuonyesha mikwaruzo yote uliyodhani umeimaliza. Rudi kwenye msasa. Mimi hurudi mara mbili, mara tatu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakasema "basi tu, rangi itaficha".

Sasa Entebbe. Ziwa liko pale chini na hewa yetu ina maji. Mara ya kwanza nilipopuliza rangi nyeupe ya kung'aa nilifanya hivyo saa kumi na mbili asubuhi, eti kuna utulivu na hakuna vumbi. Ilikauka ikiwa na ukungu wa maziwa, haing'ai hata ukiibembeleza. Nikalilaumu kopo. Sababu haikuwa kopo. Tina inapokauka haraka huupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani hutua pale kama umande kwenye majani ya ndizi, ukanaswa ndani. Dawa ni saa. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, mimi hupaka kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana tu, na mvua ikiwa imenyesha karibuni sigusi kopo kabisa. Kopo lenyewe huliweka dakika chache kwenye beseni la maji ya vuguvugu ili rangi itoke laini. Nimesema vuguvugu: si ya moto, na wala usilisogeze karibu na sigiri. Ndani ya kopo kuna gesi inayolipuka. Tina nayo inashika moto upesi, kwa hiyo madirisha wazi, barakoa usoni, na watoto wacheze upande mwingine.

Halafu kuna sami, wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Wanapenda taa kuliko kitu chochote. Usipake usiku ukiwa umewasha balbu na dirisha liko wazi. Asubuhi utakuta rangi yako imeota nywele. Mdudu akishatua kwenye rangi mbichi, mwache. Ukimgusa utaacha shimo la kidole. Akikauka unamsugua kwa msasa namba 2000 na kugusia kidogo. Siku hizi nikimaliza kupuliza huifunika ndege papo hapo kwa boksi la maandazi lililopanguswa kwa kitambaa kibichi ndani.

Kuhusu bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa upepo: ni nzuri, lakini mashine ya upepo ni ghali, inapiga kelele, na umeme wetu una tabia zake. Mimi natumia tairi kuukuu la gari. Nalijaza kwenye kituo cha mafuta, naunganisha mpira, navuta upepo humo kupitia kidhibiti. Presha ya psi 15 hadi 20 inatosha, rangi ikiwa nyepesi kama maziwa. Tairi halina kelele na halijui kwamba umeme umekatika. Kama huna hata hilo, makopo yanatosha kabisa. Dakota yangu ya kwanza iliyofanikiwa ilikuwa ya makopo na brashi mbili.

Nyeupe ni rangi ya uvivu, haifuniki. Ukitaka ifunike kwa safu moja itatiririka na kukusanyika chini ya madirisha. Nenda safu nne nyembamba, kati ya safu na safu ukanywe chai. Ndege za nchi za joto zilipakwa nyeupe juu ili jua lisiwapike abiria, kwa hiyo kwenye Dakota nyeupe hii ndiyo sura ya ndege. Ikiwa na mawimbi kama ganda la chungwa kila mtu ataona. Kama ni rangi ya mafuta, inuse. Ikiwa bado inanukia, haijakauka, hata kama kidole hakishiki. Ya kwangu iliacha kunukia siku ya sita. Na usipulize rangi kali ya magari juu ya rangi ya mafuta. Itaiamsha, na utarudi kwenye ule utando wa maziwa.

Mpaka kati ya nyeupe na bati ndio unaomtenganisha fundi na mbahatishaji. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi ina ukingo uliochakaa. Ibandike kwenye kipande cha kioo, ikate upya kwa wembe mpya na rula ya chuma, upate ukingo safi. Kabla ya kuibandika kwenye ndege ishikize kwanza kwenye kiganja mara mbili tatu, ipunguze ukali isije ikabandua nyeupe yako. Ukishaibandika, puliza nyeupe tena kidogo juu ya ukingo wake. Najua inaonekana upuuzi kupaka nyeupe juu ya nyeupe. Lakini kama kuna upenyo, nyeupe ndiyo itakayopenya na kuuziba, na rangi ya bati ikija itakuta mlango umefungwa. Hii nimeijua baada ya ndege sita. Sita!

Chini ya rangi ya bati napaka nyeusi inayong'aa kwanza. Ukiiweka juu ya kijivu hafifu inakuwa kama sufuria ya zamani. Juu ya nyeusi laini inapata kina, inaonekana ni chuma. Lakini hapo ndipo maneno ya mzee wa Katwe yanaponirudia, maana hakuna rangi inayotangaza kama hii. Mkwaruzo wa msasa ambao nyeupe ingeuvumilia, rangi ya bati huuandika kwa herufi kubwa. Puliza kidogo kidogo, usibandike tepu juu yake kama unaweza kuepuka, na shika ndege kwa glavu, kwani alama ya kidole inabaki humo. Tepu iondoe kabla rangi haijawa ngumu kabisa, ukiikunja na kuivuta nyuma kwa pembe kali, polepole.

Stika za kuloweka zinataka uso unaong'aa. Ukizibandika kwenye uso mkavu wenye chembechembe, hewa inanaswa chini na stika inameta kama magamba ya samaki. Kwa hiyo pitisha vanishi ya kung'aa kwanza. Iwe ya maji, kwa sababu ya mafuta itaigeuza nyeupe yako kuwa manjano baada ya muda. Loweka stika kwenye maji ya uvuguvugu, isubiri ijiachie yenyewe, iteleze mahali pake, sogeza kwa brashi, kisha kausha kwa kukandamiza kitambaa. Tone la siki nyeupe husaidia kuilaza juu ya misumari ya mabati. Kama stika za boksi zimegeuka manjano kwa uzee, zibandike ndani ya dirisha lenye jua wiki moja mbili. Jua la ikweta linajua kazi yake.

Maandishi ya East African Airways sikuyapata kwenye boksi, kwa hiyo niliagiza karatasi ya stika nikaipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Ukienda, omba mashine ya leza, kwa sababu wino wa maji utayeyuka ukiiloweka usipoipuliza vanishi kwanza. Na kumbuka mashine hizo hazichapi nyeupe: panapotakiwa nyeupe, pawe tayari peupe kwenye ndege. Chagua mwaka kabla ya kuchapa. Kabla ya uhuru wa 1962 namba za ndege zilizosajiliwa Uganda zilianza na VP-U, baadaye zikawa 5X, huku za Kenya zikiwa 5Y na za Tanzania 5H. Shirika lilikuwa na zote tatu, kwa hiyo una ruhusa ya kuchagua jirani, ingawa mimi niliweka 5X bila kufikiri mara mbili.

Uchafu, kidogo. Injini za Dakota zilikuwa na silinda 14 kila moja na zilitema moshi na mafuta, kwa hiyo mchirizi wa kahawia iliyokolea nyuma ya bomba la moshi ni haki. Tumia chaki ya kuchorea iliyosagwa, uipake kwa brashi kavu. Nilijaribu kupaka murram halisi, udongo mwekundu wa barabarani, kwenye matairi, kwa uzalendo, ila chembe zake kwa kipimo kile ni mawe ya kujengea. Chaki nyekundu ni bora. Na usizidishe: hii ilikuwa ndege ya abiria, kulikuwa na watu wa kuiosha.

Propela, nyaya za antena na magurudumu vibandike mwisho kabisa, usiku ambao una nafasi. Vioo vya rubani visiguswe na gundi inayoyeyusha plastiki, vitaingia ukungu. Gundi nyeupe ya mbao inatosha na ikikauka haionekani. Ndege ikishasimama, iweke mbali na dirisha, na vumbi uliondoe kwa brashi laini ya vipodozi. Ya kwangu niliinunua mwenyewe baada ya kukatazwa kabisa kuazima.