Chuo kikuu kidogo kiunde timu ngapi za michezo?

Ndugu muulizaji, umetaka kujua iwapo chuo chenye wanafunzi wasiozidi 800 kiunde timu katika kila mchezo unaoshindaniwa na vyuo vikuu, au kichague michache. Nilicheza mpira wa wavu katika chuo cha ukubwa huo, kisha nikawa waziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi. Jibu langu ni kwamba kichague michache, tena kwa kuhesabu watu kabla ya kuhesabu fedha.

Fedha huzungumzwa sana kwa kuwa zinaonekana kwenye bajeti, lakini kinachozimaliza timu za chuo kidogo ni kugombea wachezaji wale wale. Kijana mrefu mwenye mbio hutakiwa na kocha wa kikapu, wa wavu na wa riadha kwa pamoja. Kwetu, baadhi ya wachezaji wa wavu walikuwa pia wakimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti, na kwa kuwa michezo ya vyuo hukusanywa aghalabu katika juma moja, mchezaji aliweza kuitwa uwanjani wakati wenzake wa riadha wakipasha misuli wakimsubiri. Akiteguka kifundo cha mguu, timu mbili zimepungukiwa.

Soka ndiyo inayodanganya zaidi. Sheria za mchezo huruhusu mechi kuanza timu ikiwa na wachezaji 7, na viongozi wengi wa wanafunzi hujifariji kwa hilo. Lakini ili pande mbili kamili zipambane mazoezini wanahitajika watu 22, idadi ambayo katika chuo kidogo huipati jioni ambayo nusu ya darasa iko maabara. Wavu una wachezaji 6 kila upande, kwa hiyo kikosi cha watu 12 kinajigawa na kucheza mechi nzima ya mazoezi bila kuazima mtu. Kikapu cha watatu kwa watatu, kilichoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, kinataka wachezaji 4 tu, mmoja wao akiwa wa akiba, na nusu ya uwanja. Raga ya wachezaji saba nayo inafaa, mradi mpate kocha anayejua kufundisha namna salama ya kumkaba na kumwangusha mpinzani. Bila huyo, iacheni.

Kila mchezo mtakaouchagua uwe na timu ya wanawake na ya wanaume tangu mwanzo, zikitumia kocha mmoja na saa zilizofuatana. Nimeona timu ya wanawake ikiahidiwa mwaka ujao, na mwaka huo haufiki.

Wapo watakaokuambia kwamba bila ufadhili wa masomo hapaji mchezaji wa maana. Sikubaliani nao. Nchini Marekani, daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, lenye vyuo zaidi ya 400, vingi vikiwa vidogo, haliruhusu ufadhili unaotolewa kwa sababu ya michezo, na bado ndilo lenye wanachama wengi kuliko lolote kati ya madaraja mengine mawili. Wachezaji huenda huko kwa sababu wanataka kusoma na pia kucheza, na mchezaji wa namna hiyo ndiye mtakayempata ninyi.

Jambo ambalo hupuuzwa ni kuhitimu. Kikosi kilichojengwa na wanafunzi wa mwaka mmoja huondoka chote siku ya mahafali, hivyo waandikisheni wapya katika juma la kwanza la muhula, kabla vyama vingine havijawachukua, na nahodha msaidizi atoke mwaka wa chini. Ratiba ya mitihani nayo ichukuliwe kabla ya kujisajili katika ligi, kwa maana kutofika uwanjani huwapa wapinzani ushindi wa mezani na mara nyingi huambatana na faini.

Kama tayari mna timu nyingi, msizivunje kwa mkupuo. Zile ambazo wachezaji wake wengi wanahitimu mwaka huu ziacheni zimalize ligi, kisha msizisajili tena.