Usisaini Ijumaa: 12 ya flati si nafuu kuliko 18 ya salio

Weka kalamu chini kwanza, ndugu wa Kondele, Kisumu. Umemaliza somo la bure la fedha, video ya saa mbili, na limekuachia kwamba 12 ni ndogo kuliko 18. Sasa Ijumaa unakwenda kusaini mkopo wa 120,000 wa mwaka mmoja, ununue friza ya samaki pale soko la Kibuye. Unaacha mkopeshaji wa asilimia 18 ya salio linalopungua, unamkimbilia wa 12 ya flati. Halafu umeuliza kuhusu kozi nyingine za bure, kama za afya. Tutafika huko.

Mimi nililipa flati miezi 12 kamili nikijiona mjanja, kwa hiyo nisamehe ukali.

Flati maana yake riba inapigwa juu ya 120,000 nzima mwaka wote, kana kwamba hujarudisha hata ndururu. Asilimia 12 ni 14,400. Jumla ya deni 134,400, gawanya kwa 12, unalipa 11,200 kila mwezi. Salio linalopungua ni jambo jingine kabisa: 18 gawanya kwa miezi 12 ni 1.5, na hiyo 1.5 inapigwa juu ya deni lililobaki tu. Malipo yanatoka 11,002 kwa mwezi, jumla kama 132,020. Ile uliyoiogopa ndiyo nafuu, kwa karibu 2,380. Hizo ni omena za kutosha kijiji.

Mtego uko mwezi wa kwanza. Flati inakutoza riba ya 1,200, salio linakutoza 1,800. Mtu akikuonyesha mwezi huo peke yake, utaapa flati ni rahisi. Sasa teremka chini. Kwenye salio, ule mwezi wa kwanza 9,202 zimeingia kwenye deni lenyewe, limebaki 110,798, kwa hiyo riba ya mwezi wa pili ni 1,662. Inashuka hivyo hivyo hadi mwezi wa 12, riba ni 163. Rudi kwenye flati, mwezi huo huo wa 12: deni lililobaki ni 10,000, na bado unatozwa 1,200. Piga mwenyewe. Ni asilimia 12 kweli, ila ya mwezi mmoja!

Ukiigeuza flati yako iwe lugha moja na ile nyingine, inatoka karibu asilimia 21.5 ya salio kwa mwaka. Kwa mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi, zidisha flati kwa 1.8 na utakuwa karibu na ukweli. Ndiyo maana sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, inayotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, nayo inaitwa "12", itakulipisha 10,662 kwa mwezi na riba ya mwaka haifiki 8,000. Wawili wote wamesema 12. Mmoja anachukua 14,400. Hakuna aliyedanganya, na hapo ndipo damu inanichemka.

Inanichemka zaidi kwa walimu hawa wa video wenye maikrofoni ya bei na rafu ya vitabu nyuma. Anakufundisha riba kwa mfano wa mkopo unaolipwa mara moja mwisho wa mwaka. Kwa mfano huo flati na salio ni kitu kimoja, ndiyo maana hesabu yake inakaa sawa na wewe unatikisa kichwa. Lakini nani Kisumu hii anapewa laki na ishirini aje alipe mara moja Desemba? Na ofisa wa mikopo anayejua tofauti vizuri, anakutazama ukitabasamu na kukusogezea fomu.

Bado makato. Tuseme wanakata ada ya asilimia 3 na bima ya 1 kabla hujapokea. Mkononi unapata 115,200, lakini unalipa 11,200 zile zile. Flati yako sasa imepanda mpaka 29 na ushee. Muulize kila mmoja: naondoka na shilingi ngapi mkononi, na nikimaliza deni mwezi wa 6 riba iliyobaki inafutwa au la? Wa flati wengi huidai yote.

Sasa sheria yangu, na ninayo moja tu: usibonyeze "somo limekamilika" kabla hujarudia hesabu yake kwa namba zako. Kwenye simu fungua Google Sheets, programu ya majedwali ya hesabu, ni bure. Andika =RATE(12,-11200,115200), kisha zidisha jibu kwa 12. Mbele ya malipo weka alama ya kutoa. Ukiisahau itakurudishia kosa, na utadhani simu ndiyo mbovu. Ukitaka malipo ya salio, =PMT(0.015,12,-120000). Dakika tano. Mimi nilizikosa dakika hizo, nikawa na muda wa kutazama sehemu ya pili ya video.

Hata kozi ya afya uliyoiuliza ni hivyo hivyo. Maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha ni maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vyote visawazishwe juu, si vya kurundika. Ukiangalia tu bila kupima, siku mtoto anaumwa utashika chupa ya nusu lita na kutia chumvi ya lita nzima. Pima leo, onja: yasizidi chumvi ya machozi.

Kwa riba, mazoezi ya Khan Academy, tovuti ya masomo, ni bure na yanakukataa ukikosea, tofauti na video inayokupongeza kwa kukaa macho.

Kesho waombe wote wawili ratiba ya malipo iliyochapishwa, mwezi kwa mwezi. Funika jina lako, piga picha, weka hapa kabla ya Ijumaa. Nionyeshe mstari wa mwezi wa 12 kwanza.