Gumba kwenye freti ya 3: kwa anayeanza kupiga gitaa mapajani

Mdogo wangu, ukilaza gitaa mapajani hapa Lubumbashi, sentensi ya kwanza utakayoisikia ni hii: "Umeshika vibaya." Utaambiwa na jirani, na mpiga besi, na mama anayepita na beseni kichwani. Mimi niliambiwa na kiongozi wa kwaya mbele ya wenzangu wote, na nikarudi nyumbani Katuba na gitaa langu bila kupiga hata wimbo mmoja. Kwa hiyo kabla ya vidole, tumalize hilo.

Gitaa la kulazwa lina ukoo wake. Joseph Kekuku, kijana wa Hawaii aliyezaliwa mwaka 1874, ndiye anayetajwa zaidi kuwa alianzisha mtindo wa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, gitaa likiwa limelala mapajani. Husimuliwa kwamba alianza karibu mwaka 1889, bado mwanafunzi. Mtindo ule ulisafiri hadi ukafika huku kwetu: ukivuka mpaka wa Kasumbalesa ukaingia Zambia, ukaendelea hadi Malawi, wazee wa gitaa wanaujua kwa jina la hauyani, na jina hilo ni Hawaii yenyewe iliyozoea midomo yetu. Daniel Kachamba wa Malawi alilaza gitaa akateleza chupa ndogo juu ya nyuzi, na watu wakacheza.

Halafu yuko Jeff Healey wa Toronto, Kanada. Huyu hakuteleza chuma. Alipoteza macho yake akiwa na miezi 8 kwa sababu ya saratani, akapewa gitaa akiwa na miaka 3, akaliweka mapajani. Akabonyeza nyuzi kwa vidole kutoka juu, kama mtu wa piano, gumba likiwa ndani ya kazi. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 41, na hadi leo wapiga gitaa wenye macho mawili wanahangaika kutoa sauti alizotoa.

Hizo ni njia mbili, na unapaswa kuchagua kwanza unaanza na ipi: ya chuma, au ya vidole kutoka juu. Wanaoanza wengi huzichanganya, wakapoteza miezi.

Mimi niliingia kwa vidole, na si kwa hiari. Nikiwa na miaka 19 nilianguka na baiskeli iliyobeba makaa, mkono wa kushoto ukavunjika chini ya kiwiko, na mfupa ukaunga vibaya. Hadi leo siwezi kugeuza kiganja kikatazama juu. Jaribu kushika gitaa la kawaida bila kugeuza kiganja, utaona haiwezekani: vidole havifiki kwenye nyuzi. Lakini kiganja kikitazama chini, mkono wangu hauna tatizo lolote. Nimewafundisha wengine wenye sababu zao: binti mwenye vidole vifupi, mzee mwenye baridi ya viungo, na kijana mzima kabisa ambaye alipenda tu mlio wake. Sababu yoyote inatosha. Usiombe radhi kwa mtu.

Sasa sikiliza jambo lililonichukua karibu mwaka mzima kuligundua, kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Gitaa likilala mapajani, kichwa chake kikielekea kushoto, uzi mnene wa 6 unakuwa karibu na tumbo lako na uzi mwembamba wa 1 unakuwa upande wa magoti. Mkono wa kushoto unashuka kutoka juu. Angalia vidole vyako viko vipi: gumba na kidole cha shahada viko upande wa kulia, kuelekea tundu la gitaa, kidole kidogo kiko kushoto, kuelekea kichwa. Mpangilio umegeuka! Kwa mshiko wa kawaida, shahada ndiyo inashika freti ya 1 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa, vikihesabiwa kuanzia kichwani) na kidole kidogo kinashika zile za mbele. Kwako wewe ni kinyume. Kwa hiyo kile kitabu cha akodi ulichonunua (akodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), chenye namba za vidole, kitakudanganya kila ukurasa. Noti ni zilezile, mahali pake ni palepale, ila namba za vidole zifute.

Mimi sikuzifuta. Nililazimisha shahada ikae freti ya 1 kama kitabu kinavyosema, mkono ukajipinda, kiwiko kikapanda hadi sikioni, na jioni bega linauma. Siku moja umeme umekatika, niko gizani, sioni kitabu wala vidole, nikatafuta akodi ya Do, wengine huiita C, kwa sikio tu. Gumba likaangukia uzi wa 5, freti ya 3. Lilifika lenyewe.

Fuata nami, polepole. Gumba: uzi wa 5, freti ya 3. Shahada: uzi wa 4, freti ya 2. Kidole cha pete: uzi wa 2, freti ya 1. Uzi wa 3 na wa 1 viache wazi, wa 6 usiuguse. Hiyo ni Do kamili. Tazama vidole vilivyojipanga kwa mshazari, kutoka tumboni kwenda mbele kushoto, jinsi mkono unavyokaa ukiuweka mezani bila kufikiri.

Sasa ufunguo wenyewe. Usiondoke kwenye freti zako. Sukuma mkono mbele, uzi mmoja tu: gumba lihamie uzi wa 4, freti ileile ya 3, shahada ihamie uzi wa 3, freti ileile ya 2, kidole cha pete kibaki freti ya 1 lakini kilale kidogo kifunike uzi wa 2 na wa 1 pamoja. Hiyo ni Fa. Ile Fa inayowaliza wanafunzi wote wa gitaa la kawaida, wewe umeipata kwa kusogea nusu ya upana wa kidole. Rudi kwenye Do. Sasa vuta mkono kuelekea tumboni, uzi mmoja: gumba uzi wa 6 freti ya 3, shahada uzi wa 5 freti ya 2, kidole cha pete kiinue kabisa. Piga nyuzi tano, uzi wa 1 uache. Hiyo ni Sol.

Gumba halijaondoka freti ya 3. Uzi wa 4 ni Fa, wa 5 ni Do, wa 6 ni Sol. Kwa akodi hizo tatu umeshabeba nyimbo nyingi sana za kanisani na za barazani hapa mjini. Ukitaka La ndogo, toka kwenye Do: inua gumba, acha shahada na kidole cha pete palepale, na cha kati kikanyage uzi wa 3 freti ya 2. Wiki nne za kwanza usitafute akodi nyingine. Nasema wiki nne kwa sababu gumba halijazoea kubonyeza. Ngozi yake ni laini upande ule na itauma. Ikianza kuuma, pumzika. Baada ya wiki chache ngozi itakomaa.

Bonyeza nyuma kidogo ya chuma cha freti, upande wa kichwa, karibu nacho sana bila kukikalia. Uzi wako ukivuma kama nyuki, mara nyingi kidole kiko mbali na chuma, wala si kwamba nguvu haitoshi. Na uzito wa mkono unakusaidia kwa sababu unashuka, hukamui kama wale wengine.

Kukaa kuna mambo yake. Kiti kiwe hakina mikono. Vile viti vya plastiki vya mikono vinazuia kiwiko. Mapaja yawe sawa na ardhi, miguu imefunguka, tumbo la gitaa likae juu ya mapaja yote mawili. Shingo ya gitaa itabaki inaning'inia kushoto, na ukibonyeza freti ya 1 gitaa litainama kama mizani. Dawa ni mkono wa kulia: ulaze juu ya ubao, karibu na daraja, yaani kile kibao nyuzi zilipofungwa, ushikilie bila kukandamiza. Gitaa likiteleza, weka chini yake kipande cha mpira wa ndani wa tairi, lakini ukizungushie kitambaa cha pamba kwanza, maana mpira ukikaa na joto unaharibu vanishi. Na usiiname kutazama vidole. Shingo yako wewe italipa. Jifunze macho yakiwa mbele. Giza la jioni likija, litumie.

Mkono wa kulia ndio furaha yako, kwa sababu huko hakuna kilichobadilika. Sisi wa Katanga tuna urithi wa gumba na shahada: mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Mwenda wa Bayeke, yaani Jean-Bosco Mwenda, kule Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi, na dunia ikashangaa jinsi vidole viwili vinavyoweza kutoa besi na wimbo kwa pamoja. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inajibu kwenye nyembamba. Mapajani, nyuzi nene ziko karibu na wewe, chini ya gumba moja kwa moja. Kazi ni ileile. Usiache mtu akuambie kwamba gitaa la kulala haliwezi kupiga kwetu.

Kuhusu njia ya chuma nitasema kwa ufupi, maana ni somo la peke yake, ila kuna kosa moja nataka nikuepushe nalo. Chuma kinahitaji nyuzi zilizoinuliwa, zisiguse freti kabisa. Pitisha kipande cha mfupa au mti mgumu chini ya nyuzi pale kichwani, unene wa penseli unatosha, na utakitoa ukimaliza bila kuharibu gitaa. Kwa chuma, soketi ndefu ya fundi magari, laini, isiyo na michubuko, inafanya kazi nzuri. Bomba jembamba la shaba ni jepesi mno, mlio wake unakufa haraka. Na hapa, tofauti na vidole, chuma kinakaa juu ya freti yenyewe, sambamba nayo; ukikaa nyuma yake sauti inakuwa chini.

Kosa lenyewe ni la kulinganisha nyuzi. Nilisikia kwamba wapiga chuma wanatumia sol si re sol si re (G B D G B D), nikakaza: uzi wa 5 juu kutoka noti ya la hadi noti ya si, uzi wa 6 kutoka mi hadi sol, hatua moja na nusu. Gitaa la kawaida halikujengwa kwa mvuto ule. Usiku nilisikia mlio, asubuhi daraja lilikuwa limebanduka upande mmoja. Lilikuwa gitaa langu la pekee. Wewe shuka, usipande: re la re fa-dieze la re (D A D F# A D; fa-dieze ni fa iliyopandishwa nusu hatua). Kutoka kwenye mpangilio wa kawaida, kila uzi ama unabaki ama unalegea. Ukipiga wazi ni Re, chuma freti ya 5 ni Sol, ya 7 ni La, ya 12 ni Re tena, ya juu.

Neno la kiangazi: kuanzia Mei hewa ya hapa inakauka, na Juni na Julai asubuhi ni baridi kali. Mbao zinajikunja, nyuzi zinashuka, gitaa linaanza kuvuma mahali ambapo halikuvuma. Usikimbilie kumlipa fundi akate kitu. Weka kitambaa chenye unyevu ndani ya kijisanduku chenye matundu, kiweke kwenye mfuko wa gitaa, subiri siku kadhaa, kisha sikiliza tena. Na vidole vipashe joto kwanza kwenye kikombe cha chai, hasa gumba.

Leo usiku, kabla ya kulala, zima taa. Tafuta freti ya 3 kwa kugusa, kuanzia kichwani: chuma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Weka gumba nyuma yake kwenye uzi wa 5. Piga huo uzi mmoja, usubiri ufe wenyewe, ndipo uhamie wa 4, kisha wa 6, kisha urudi. Usiongeze kidole kingine hadi mpito huo utoke bila kupapasa.