Gia ya pikapu inapiga teke: nilegeze kebo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Dallas, Texas, na natumia Toyota Tacoma ya 1999, V6 ya lita 3.4, fowili, otomatiki ya gia nne. Nilitoa tairi za inchi 31 nikafunga za inchi 33. Siku hizi ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili inachelewa, halafu inapiga teke. Nikivuta trela ndiyo balaa, inahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne, inaingia inatoka. Fundi mmoja kaniambia tulegeze kidogo kebo ya giaboksi, eti gia zitaingia mapema na kwa ulaini. Tufanye hivyo?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Usiruhusu mtu ailegeze hiyo kebo kabla haijapimwa, maana ndiyo njia ya haraka ya kuiua giaboksi nzima.

Giaboksi yako ni A340F. Humo, wakati wa kubadilisha gia hauamuliwi na kebo bali na kompyuta. Kompyuta inasoma sensa ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini, ijue umekanyaga mafuta kiasi gani, inasoma na sensa ya mwendo, kisha inawasha na kuzima solenoidi mbili zinazochagua gia. Kebo ina kazi nyingine kabisa. Inatoka kwenye throto, inashuka mpaka kwenye vali bodi, sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi, na huko inapanga presha ya oili. Ukikanyaga mafuta inavutwa, presha inapanda, na sahani za klachi zinabanwa sawasawa na nguvu inayotoka kwenye injini. Ukiilegeza, ni kweli gia itaingia laini, lakini ulaini huo ni klachi kuteleza kabla hazijashika. Kwa mtu anayevuta trela kwenye joto la Texas, klachi zinazoteleza hazichukui muda kuungua.

Fundi wako hakulitoa wazo hilo hewani. Kwenye A43D ya pikapu za Toyota za miaka ya 1980, ambayo haina kompyuta, kebo hiyohiyo ilipanga presha na wakati wa gia, vyote viwili. Kwenye yako mambo yamegawanywa.

Anza na oili. Endesha gari mpaka giaboksi ipate moto, simama mahali pa tambarare, injini iendelee kunguruma, kanyaga breki na upitishe lever taratibu kutoka P hadi L, kisha urudi P. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kisha usome kwenye alama za HOT. Oili nyekundu isiyo na harufu ni nzuri. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hakuna kebo itakayokusaidia. Ya mwaka wako ni Dexron II au III.

Sasa kebo. Zima injini, toa kapeti la miguuni upande wa dereva, na mwombe mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka chini kabisa bila kuachia. Wewe uko kwenye boneti. Kwanza hakikisha throto yenyewe imefunguka hadi mwisho, kwa sababu pedali isiyofungua throto yote itakupa kipimo cha uongo. Kisha itazame kebo ya giaboksi karibu na throto. Utaona waya unatoka kwenye kifuniko cha mpira, na juu ya waya kuna kidude cha chuma kilichobanwa. Kati ya ncha ya mpira na kidude hicho panatakiwa nafasi ya milimita 0 hadi 1, basi. Ikizidi hapo, kebo imevutwa mno, presha iko juu, na teke lako huenda linatokea hapo. Kidude kikibaki kimezama ndani ya mpira, kebo imelegea na klachi ziko hatarini. Kurekebisha ni kulegeza nati mbili zinazoshika ala ya kebo kwenye breketi yake, kuisogeza kidogokidogo, kuzikaza, na kupima tena mwenzako akiwa bado amekanyaga. Kipimo ndicho kinachoamua hapa, si jinsi mguu wako unavyopenda gia ziingie.

Ukikuta nafasi iko sawa, naelekeza macho kwenye tairi. Inchi 33 ni zaidi ya 31 kwa karibu asilimia 6, kwa hiyo spidomita ikisema maili 60 wewe uko karibu 64. Injini inavuta kwa shida zaidi, nawe bila kujua unaongeza mafuta. Kompyuta ikiona throto imefunguka sana inaichelewesha gia ya pili, na kebo kwa kuvutwa inapandisha presha. Kuchelewa na teke, vyote pamoja, kutokana na tairi tu. Tiba yake ni kurudi kwenye 31 au kubadilisha krauni na pinioni (gia za ndani ya difu), na kwenye fowili ni lazima mbele na nyuma zilingane. Kama dashibodi yako ina kitufe cha ECT PWR, kizime pia, kwa sababu kikiwa kimewashwa gia huchelewa kwa makusudi.

Sensa ya throto ipimwe kwa mita: volti zipande taratibu pedali inaposhuka, zisirukeruke. Taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, yaani gia ya nne) ikiwa inawakawaka yenyewe, kompyuta imehifadhi kosa, lisomwe kwanza.

Kuhusu trela, zima O/D kwa kitufe kilicho kwenye lever. Gari litabaki gia ya tatu na kuacha kuhangaika. Kila inapoingia na kutoka ya nne inatengeneza joto, na joto ndilo linaloua oili. Petroli itaongezeka kidogo, ikubali. Kama unavuta kila wiki, ongeza kipozeo cha oili mbele ya rejeta.

Ukimaliza yote haya na teke bado lipo, dai giaboksi ipimwe presha kwa geji, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta na ikiwa imekanyagwa, kabla mtu hajafungua hata bolti moja ya sampo, ile sinia ya oili chini ya giaboksi.