“Wakala anasema GPA yangu ni 2.72”

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nilihitimu uhandisi ujenzi mwaka 2021 nikiwa na GPA (wastani wa alama za masomo yote) ya 3.4 kati ya 5.0. Nipo Mbeya kwa mkandarasi wa barabara, na miezi kumi na minne nimekaa maabara ya saiti nikipima udongo, hasa ule mweusi unaovimba. Nataka kuomba uzamili Marekani au Ujerumani, upande wa jioteknika, yaani uhandisi wa udongo. Nimempata wakala Dar es Salaam. Anasema GPA yangu ikigeuzwa kwenda kipimo cha 4.0 inakuwa 2.72, kwa hiyo kompyuta itanitupa nje kabla mtu hajanisoma, ila yeye anajua njia ya kuirekebisha. Anataka shilingi milioni 1.8 kwa kugeuza GPA, kuandika SOP (maelezo yangu ya kwa nini naomba) na kushughulikia barua tatu za mapendekezo. Nimeshatanguliza laki tatu, na ameshanifungulia maombi kwenye vyuo viwili. Je, 3.4 inatosha? Nimalizie malipo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimalizie. Sasa tukae kwenye hiyo 2.72, maana nimechoka kukutana nayo. Huu ni mwaka wa saba nakaa kwenye kamati ya udahili ya idara ya uhandisi ujenzi huku Marekani, na kila Desemba linakuja faili la kijana wa nyumbani aliyejishusha mwenyewe kwa kalamu yake, au kwa kalamu ya mtu aliyemlipa.

Wakala wako kachukua 3.4, kagawanya kwa 5, kazidisha kwa 4. Hesabu ya shule ya msingi, na kihesabu hajakosea. Kosa lake ni kudhani kwamba kipimo cha 5 na kipimo cha 4 ni rula mbili za mbao, moja ndefu na moja fupi, zilizochorwa mistari kwa uwiano uleule. Chukua transkripti yako uigeuze nyuma, pale wanapoeleza alama. Vyuo vyetu vingi vinaipa A pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2. Marekani A ni 4, B ni 3, C ni 2. Angalia vizuri: B ni 3 kwetu na ni 3 kwao. C ni 2 kwetu na ni 2 kwao. Mwanafunzi aliyepata B tupu kwa miaka yote minne ana 3.0 Dar es Salaam, na angekuwa na 3.0 Ohio. Mpitishe kwenye kikokotoo cha wakala anatoka na 2.4. Kijana wa B kageuzwa wa C na ushee, na hajafeli hata somo moja. Tofauti ya vipimo hivi viwili imekaa juu tu, kwenye B+ na A, lakini ukizidisha kwa 0.8 unamkata mpaka yule ambaye hakupaswa kuguswa.

Sikuambii kwamba 3.4 yako ni 3.4 ya Marekani. Ninachokuambia ni kwamba hakuna aliyekutuma uigeuze. Fomu nyingi za maombi zina visanduku viwili: GPA, na kipimo chake. Unaandika 3.4, kisha 5.0, unasonga mbele. Chuo kinachotaka ulinganisho kitaufanya chenyewe, au kitakuelekeza kwa taasisi za tathmini kama WES, ambazo zinapitia somo moja moja na hazizidishi jumla kwa 0.8. Ukiandika 2.72 na transkripti iliyo nyuma yake inasema 3.4, umefanya mambo mawili kwa mpigo: umejiweka chini ya 3.0 ambayo shule nyingi za uzamili zinaitaja kama kima cha chini, na umempa karani sababu ya kujiuliza ni kitu gani kingine humo ndani kimepikwa.

Ujerumani wana kanuni yao, na hii ijue kwa kuwa utakutana nayo. Wanaiita kanuni ya Bavaria. Alama ya juu kabisa unatoa yako, unagawanya kwa alama ya juu kutoa alama ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya kunusurika. Kwako: 5.0 kutoa 3.4 ni 1.6, 5.0 kutoa 2.0, ambayo ndiyo ya chini ya kuhitimu, ni 3.0, gawanya, zidisha, jumlisha, unapata 2.6. Kozi nyingi za uzamili huko zinataka 2.5 au bora zaidi. Yaani pointi moja ya desimali, ileile iliyokukosesha daraja la pili la juu nyumbani, ndiyo inayokukosesha na huko. Inauma, lakini ndiyo namba ya kweli. Nimewahi kuonyeshwa “cheti cha ulinganisho” alichouziwa kijana mwenye 3.4 kama wewe, kimeandikwa 1.96. Nilipokaa kuirudia hesabu nikagundua fundi wake aliweka sifuri mahali pa 2.0, kana kwamba kwetu mtu anahitimu kwa sifuri. Kijana alifurahi, akalipa uni-assist, taasisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani, euro 75 za ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi lililofuata, na uni-assist wakapiga hesabu yao wenyewe kutoka kwenye transkripti. Kile cheti hakuna aliyekitazama.

Basi 3.4 yako ina thamani gani? Ni daraja la pili la chini, tena kwenye mstari wake wa mwisho. Kuna milango imekubana: ufadhili wa Commonwealth wa Uingereza kwa uzamili unataka daraja la pili la juu, au la chini likiwa limeongezewa shahada ya uzamili inayohusika. Kwa Ujerumani tafuta kozi ambazo hazijaweka ukomo wa 2.5, na uzitazame zile za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, zinazolenga nchi zinazoendelea. Hizo zinataka angalau miaka miwili ya kazi na shahada ambayo kwa kawaida haijapita miaka sita, kwa hiyo kwa mhitimu wa 2021 saa inakwenda. Marekani pana nafasi zaidi, kwa sababu kamati haisomi GPA peke yake. Inafungua transkripti. Mimi nikiipata ya mhandisi ujenzi naanzia chini: mwaka wa nne, mradi wa mwisho, mekanika ya udongo, misingi, usanifu wa zege. Halafu napanda juu kutafuta hesabu. Mtu aliyepata sapu (mtihani wa marudio) ya kalkulasi mwaka wa kwanza, akanusurika kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kisha mwaka wa tatu na wa nne akawa na A na B+ kwenye masomo ya udongo, huyo namtetea mezani. Aliyeanza na A akaishia na C huyo ndiye ananitia wasiwasi, hata kama jumla yake ni 3.9. Hukuniambia alama zako zilipanda au zilishuka. Anza na hilo.

Sasa hizo barua tatu anazotaka “kushughulikia”. Hapa ndipo nitaongea kwa ukali kidogo, na siongei na wewe peke yako.

Mfumo wa maombi wa vyuo vya Marekani kwa kawaida haupokei barua kutoka kwa mwombaji. Unaweka jina na anwani ya mpendekezaji, yeye anatumiwa kiungo, anaipakia mwenyewe. Sasa mawakala wanafanyaje? Wanafungua anwani ya bure kwa jina la mhadhiri wako, kiungo kinaingia kwao, barua inaandikwa na dada wa ofisini. Msimu mmoja nilipata mafaili matatu ya vijana watatu, vyuo tofauti, miji tofauti, na kwenye kila moja kuna barua yenye sentensi ileile, koma kwa koma, kuhusu “udadisi usiotulia”. Katika faili la tatu mwombaji alikuwa binti, na aya nzima ya Kiingereza ilimtaja kwa viwakilishi vya mwanamume, kwa sababu aliyenakili alisahau kubadilisha. Yule binti alikuwa na alama nzuri kuliko wewe. Hatukujadiliana hata dakika tano. Pengine hakuwahi kuiona barua ile, lakini mwisho wa fomu aliweka sahihi kwamba yote yaliyomo ni ya kweli na ni kazi yake. Tamko hilo lipo kwenye fomu nyingi, na chuo kinaweza kulitumia kufuta udahili hata kama umeshafika na umeshaanza masomo.

Na hata wasiotumia wakala wana ugonjwa wao: kutafuta mtu mkubwa. Napata barua ya mkurugenzi, ya mheshimiwa fulani, karatasi ina nembo ya rangi, ndani imeandikwa kijana ni mchapakazi, anawahi kazini, ana maadili. Hata mlinzi wa getini angeweza kuandikiwa hivyo. Wewe mfuate aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho, hata kama ni mhadhiri msaidizi, na mhandisi mkazi wa saiti aliyekuona ukifanya kazi. Wape transkripti, wakumbushe mlichofanya pamoja, uwape wiki sita. Kama kuna siku sampuli imetoka kwenye maji baada ya zile siku nne za kulowekwa, CBR (kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo) ikasoma juu kuliko udongo ule unavyoweza kubeba, ukakataa kuijaza kwenye fomu, ukarudia jaribio na kukuta kosa, mwombe aliyekuwepo aandike hilo. Sentensi mbili za namna hiyo zinazishinda kurasa mbili za sifa.

SOP ni hivyo hivyo. Naweza kukutabiria atakavyoianza: tangu utotoni ulivutiwa na madaraja. Mwaka jana watoto wote wa Afrika Mashariki walivutiwa na madaraja. Wewe una miezi kumi na minne ya udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na umeona kwa macho yako barabara mpya ikichanika ufa wa urefu pembezoni kabla haijamaliza muda wa uangalizi. Ni swali gani lilikusumbua ukiwa pale? Kwa nini chokaa ya kuimarisha udongo ilishika kipande kimoja na ikagoma kingine? Andika hilo kwa Kiingereza chako chenye makosa mawili matatu, mpe rafiki asahihishe sarufi, basi. Kisha tafuta maprofesa watano wanaofanya utafiti wa udongo wa aina hiyo, uwaandikie kila mmoja aya mbili za kwake peke yake. Watatu hawatajibu. Ni kawaida.

Kuhusu fedha, kwa kifupi. Uzamili wa Marekani usio na tasnifu mara nyingi unajilipia mwenyewe. Wenye tasnifu unaweza kupata kazi ya usaidizi wa utafiti kama profesa ana mradi. Uzamivu kwa kawaida unafadhiliwa, na huko mtu anaweza kuuomba moja kwa moja akiwa na shahada ya kwanza. Ningekuwa wewe ningeomba uzamili wenye tasnifu. Mtihani wa GRE, wa kuombea uzamili, idara nyingi zimeuacha, kwa hiyo soma ukurasa wa idara kabla ya kulipa dola 220. Ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe, barua pepe moja tu kwa ofisi ya udahili. Tarehe za mwisho kwa muhula wa Agosti ziko Desemba na Januari, na waliopewa ufadhili kwa kawaida wana mpaka 15 Aprili kuamua, kwa hiyo Machi ikipita kimya usikate tamaa. Kama yote yakigoma, uzamili wa Mlimani au wa Nelson Mandela kule Arusha ukiufanya vizuri, ile 3.4 haitakuwa tena kitu cha kwanza mtu anachokiona.

Hii biashara ya “kurekebisha” inaishi kwa hofu ya vijana wanaodhani kuna chumba cha siri ambako mambo yanapangwa. Chumba kipo kweli, mimi nakaa humo. Kuna meza, chai iliyopoa, na watu wanne wanaosoma transkripti kwa miwani. Hakuna wakala niliyewahi kumwona humo, wala hakuna anayempigia simu. Kazi halali anayoweza kukufanyia ni kujaza fomu, ambayo wewe mhandisi unayejaza fomu za maabara kila siku hushindwi.

Jioni ya leo ingia kwenye yale maombi mawili. Kama nywila anayo yeye, ibadili, na ya barua pepe yako pia. Tazama GPA aliyoiweka, halafu tazama anwani za wapendekezaji. Ukikuta jina la mwalimu wako limeunganishwa na anwani usiyoifahamu, ifute kabla barua haijapakiwa. Ikiwa imeshapakiwa, usiwasilishe ombi hilo. Waandikie ofisi ya udahili, uwaeleze kilichotokea, uwaombe walifunge uanze upya. Laki tatu zihesabu zimekwenda.